Mwalimu Aliyemwandika Mejumaa

Watu wa Msambweni wakimtaja humwita Mwalimu tu, na ukiuliza mwalimu yupi watakucheka. Walimu walikuwa wengi hata siku zile, lakini yeye peke yake ndiye aliyebaki na kazi yake kama jina, nami nitamwita hivyo hivyo. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo wayaseme watakaomsomea hitima. Nina yangu ya kusema, na niyaseme mapema kabla hujaanza kumpenda, kwa maana utampenda: mimi nina hasira naye. Nimejaribu kuiacha. Nimefunga sunna, nimeshauriwa na shangazi zangu, nimeambiwa kinyongo hakimli mwingine ila mwenye nacho. Haikutoka.

Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, soksi ndefu mpaka magotini, na kofia ya kiua aliyotungiwa na mkewe. Alikuwa na baiskeli, lakini aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda, kwa sababu alisema mwalimu haonekani na watoto akitoka jasho. Kwa hiyo alitembea kutoka kwake hadi shuleni, baiskeli ubavuni, akiamkiwa na barabara nzima. Ukimwamkia kwa kunung'unika alisimama pale pale.

"Hiyo umeniamkia au umekohoa?"

Kisha alikurudisha hatua ishirini nyuma uje upya, umtazame usoni, uitoe shikamoo yako nzima na kila herufi yake. Wakati mwingine kina mama waliokwenda sokoni walisimama kutazama, na mtoto alitamani ardhi ipasuke. Mimi nilirudishwa mara tatu katika juma langu la kwanza. Mara ya nne niliamkia kwa sauti iliyomshtua mpaka baiskeli ikamponyoka, akacheka, akasema, "Naam. Huyu ana kinywa."

Hakutumia fimbo, na miaka ile mwalimu asiye na fimbo alitiliwa shaka. Wasichana alituketisha mbele. Wazee walipolalamika, alisema wavulana wana maisha yao yote ya kukaa mbele, basi kwake wapumzike kidogo. Alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaomba baba zetu wasitutoe shule. Alikuja na kwetu. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kushawishika, alimpa dafu akamsikiliza, na Mwalimu alizungumza polepole mpaka baba akainamisha kichwa na kusema, "Haya, Mwalimu. Nakuachia huyu amalize la nane." Nilikuwa nyuma ya mlango. Nakuhadithia haya ili ujue kwamba uwezo alikuwa nao. Baba yangu alimsikiliza mtu mmoja tu katika mji ule, na mtu huyo alikuwa yeye.

Lakini palikuwa na Mwalimu wa darasani na Mwalimu wa mikutanoni. Hizo zilikuwa siku za Uhuru, kila wiki kulikuwa na mkutano, na yeye aliupenda mkutano kama mtoto anavyopenda ngoma. Darasani alitwambia Uhuru si bendera, Uhuru ni mtu kusema lililo moyoni na asiogope. Mikutanoni aliwabebea wakubwa viti. Siku moja mmoja wa wakubwa hao alisimama akasema mji huu una neema ya kila kitu, samaki, nazi na korosho, ila una msiba mmoja, wanawake wake wameanza kusoma na sasa hawanyamazi. Wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu. Alicheka mpaka akavua kofia. Rafiki yangu aliyekaa karibu nami aliniuliza, "Umemwona Mwalimu wako?" Nikamwambia anacheka kwa adabu, aliyesema ni mgeni wetu. Nilimtetea. Nikikumbuka hilo hujionea aibu mimi, wala si yeye.

Mkewe hatukumjua. Tulipokwenda kwake kuchukua madaftari, tuliona mkono ukipitisha sinia mlangoni, na bangili mbili za fedha. Sauti yake sikuwahi kuisikia utotoni mwangu.

Sasa nikueleze juu ya mchezo, kwa maana bila mchezo ule mimi na yeye tungekuwa mwalimu na mwanafunzi tu.

Mwaka wa Uhuru shule zilitakiwa zipeleke michezo Kwale, juu mlimani, mbele ya wakubwa wa wilaya na watu wa kila upande. Wengine walitayarisha kwaya na sarakasi. Mwalimu alisema yeye ataandika msiba. Aliuandika nyuma ya mabango ya kampeni yaliyobaki baada ya kura, karatasi pana zenye picha upande mmoja na maneno ya Mwalimu upande wa pili. Na maneno aliyatoa wapi? Kisimani. Jumamosi alikuja kisimani kwetu, akaipindua baiskeli chini juu, akajifanya anaziba pancha. Pancha moja iliweza kumchukua asubuhi nzima. Sisi wasichana tulichota maji, tukagombana na kutaniana, na Jumatatu tukayakuta maneno yetu darasani yamevaa viatu. Tulifurahi. Hakuna aliyewahi kuyaona maneno yetu kuwa kitu cha kuandikwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mji wa bara, upande wa Kinango, ambako maji ni taabu mpaka leo. Ukame umeingia, visima vimekauka, amebaki mtu mmoja nyuma ya kilima mwenye kisima kisichokauka. Anawaambia wazee atawapa maji watu wote wakimpa binti mmoja amwoe. Binti huyo ni Mejumaa, ana miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa na kumi na minne, nikapewa niwe Mejumaa.

Namna alivyonifundisha sijaiona kwa mwalimu mwingine. Hakunipa mchezo wote. Alinipa onyesho la kwanza peke yake, na ndani yake sikuwa na maneno ila "Abee, baba," "Abee, mama," "Inshallah, babu." Nikalia. Nilimwambia, "Mwalimu, huyu si mkubwa wa mchezo, huyu ni mwitikiaji." Akasema, "Huyu mtoto hana lugha bado. Kila neno alilonalo amepewa la kuitikia. Mpe muda."

Baada ya wiki mbili akanipa onyesho la pili, na humo Mejumaa alianza kuuliza. Maswali ya kitoto tu. Kile kisima kilikuwa cha nani kabla hakijazungushiwa boma? Kwa nini wakati wa kugawa maji mnaita wanaume, na wakati wa kulipa maji mnaniita mimi? Mwalimu alinikataza kuuliza kwa ukali. Alisema Mejumaa hajui bado kwamba maswali yake ni makali, anadhani hajaelewa tu, anadhani wakubwa watamweleza.

Katika onyesho la tatu alishaelewa kwamba hawataeleza. Hapo aligeuka, akazichukua methali za wazee na kuwarudishia. Babu akimwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," yeye humjibu, "Na mkuu asiyesikia la mdogo, babu, huvunjika nini?" Baba akimwambia, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," yeye hujibu, "Ndiyo, baba. Mlinilea nikiwa na macho, sasa mnataka nikue kipofu?" Nililipenda onyesho hilo kupita yote. Nililifanyia mazoezi nikikuna nazi, nikifua, nikifagia uwanja, mpaka mama akaniuliza ninagombana na nani.

Onyesho la mwisho lilitushinda. Mwalimu alikuwa amemwandikia Mejumaa hotuba ndefu ya kukataa, mistari kama ishirini, imejaa mafumbo. Nikaisema mara kumi, kila mara ikawa baridi. Jioni moja nilichoka, nikaiweka karatasi chini, nikawatazama wale wavulana waliojifanya wazee na ndevu zao za katani, nikasema, "Sitaki. Nimesema, na mmesikia." Mwalimu aliiokota karatasi ile. Kisha akachukua kalamu akaikata hotuba yake yote, mstari baada ya mstari, akaandika maneno yangu mahali pake.

"Methali zimemwisha," alisema. "Sasa anaongea mwenyewe."

Baada ya kukataa, Mejumaa anafukuzwa mjini. Anakwenda mtoni ambako maji yamekauka, anachimba mchanga kwa kifuu cha nazi, shimo linamfika kifuani, na mchanga unamporomokea. Watu wanapofika wanakuta mahali pale pamelowa.

Tuliigiza Kwale mchana, kwenye uwanja, na watu wa Kinango waliokuwapo walilia waziwazi, kwa kuwa wao wanalijua shimo la mchanga. Niliposema sitaki, mwanamke mmoja katikati ya umati alijibu kwa sauti, "Asitake!" Wakubwa wa wilaya walisimama kupiga makofi. Mwalimu alinishika bega mbele yao akasema nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana Mombasa, fomu amejaza mwenyewe, na mimi nitakuwa mwalimu. Ilikuwa kweli. Barua ilikuwa imeshafika.

Lakini baba yangu alikuwapo uwanjani. Aliona binti yake amesimama mbele ya wanaume mia kadhaa akiwakemea wazee, na njia nzima ya kurudi watu walimpongeza kwa namna inayouma. "Hongera, bwana. Binti yako ana ulimi." Haukupita mwezi, alikuja mtu wa makamo, mwenye duka Ukunda, aliyefiwa na mkewe, mtu wa adabu zake, sina la kumsingizia. Baba akakubali kwa furaha ya mtu aliyepata mahali pa kuficha kitu.

Nilikimbilia kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani akisoma gazeti, nikamweleza yote nikilia. Akakunja gazeti.

"Nyamaza, mwanangu. Utakwenda Mombasa. Baba yako niachie mimi."

Nikamwachia. Wiki ikapita, ikapita na ya pili. Kila nilipomwuliza alisema jambo la baba halitaki haraka. Mkeka ukasukwa, nguo zikashonwa, hina ikapondwa, nami nikitulia, watu wakishangaa utulivu wangu. Nilitulia kwa sababu nilikuwa na mtu.

Sheikh wetu siku hizo alikuwa na msimamo mmoja uliomfanya asipendwe na wengine. Hakufungisha ndoa ya mwari mpaka mashahidi wawili waende kwa mwenyewe wakamwulize. Akisema ndiyo, vyema. Akinyamaza, haya imemziba, na kimya chake ni ridhaa. Akikataa, sheikh alikunja kitabu chake akaenda zake. Aliwahi kufanya hivyo Majoreni, watu wakarudi makwao bila harusi, na baba wa binti yule hakusema naye tena. Hilo nililijua, na Mwalimu alilijua.

Asubuhi ya harusi nilikuwa chumbani na shangazi yangu. Shahidi wa kwanza alikuwa ami yangu, mdogo wake baba, ambaye hata ningepiga mayowe ya moto angesema amesikia vigelegele. Sheikh alilijua hilo, ndiyo maana alitaka wa pili awe mtu wa nje, mtu wa kweli. Nikasikia hatua kwenye ushoroba, pazia likatikisika, na sauti ikatoa salamu, nzima, kila herufi yake. Alikuwa Mwalimu.

Nilifurahi. Sijui nikuambieje nilivyofurahi. Nilidhani hii ndiyo hila yake, kumbe alisubiri mahali ambapo neno lake haliwezi kupingwa. Akauliza kama inavyoulizwa, akamtaja baba yangu, akamtaja yule bwana na mahari, akasema, "Je, mwanangu, umeridhia?"

Nikasema, "Sitaki. Nimesema, na mmesikia."

Sikunong'ona. Nilisema kama alivyonifundisha, kutoka tumboni. Shangazi alinifinya paja mpaka nikapata alama. Nje ya pazia ami akakohoa, kisha hatua zikaondoka. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa udongo, na sebuleni palikuwa hatua nne; wazee, waliokuwa wakizungumza wote kwa pamoja, wakatulia mashahidi walipoingia. Nikamsikia sheikh akiuliza, "Amesemaje?"

Na Mwalimu akajibu, "Amenyamaza."

Niliinuka. Nilipiga kelele kwamba anasema uongo, nikarudia maneno yangu kwa sauti ile ile ya uwanja wa Kwale, lakini wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele, na shangazi alikuwa amenibana mdomo kwa kanga. Baada ya adhuhuri walikwenda msikitini, wakarudi nikiwa mke wa mtu.

Nilikaa Ukunda miaka sita. Mume wangu hakunipiga. Alinifungia ndani kwa upole, akaniweka mahali pa marehemu mkewe, nikauza sukari na mafuta ya taa, nikazaa mara mbili, mtoto mmoja akaishi. Barua ya Mombasa niliificha chini ya godoro mpaka panya wakaitafuna. Nilipoomba talaka nikapewa, nikarudi Msambweni na binti yangu, ndipo nikakutana na yaliyokuwa yakinisubiri. Mji mzima ulisema nilikubali mwenyewe. "Aliulizwa, akaridhia, kisha kiburi kikamwingia." Shangazi yangu mwenyewe alisema siku ile alisikia kilio tu. Sheikh alikuwa ameshakufa. Nilipotaka kusema nilikataa, watu walinijibu kwa adabu, "Lakini Mwalimu alikuwa shahidi." Nikawa mwongo katika mji wangu, na ushahidi ulikuwa jina lake jema.

Sikumwendea. Nilishona, nikasomesha kina mama darasa la ngumbaru alasiri, nikampita barabarani nikimwamkia nusu nusu, naye hakunirudisha tena hatua ishirini. Mpaka ulipokuja mwaka ambao shule iliamua kuuigiza tena mchezo wake kwa sherehe za Uhuru. Akanitumia salamu niende nikamfunze msichana mpya namna ya kuwa Mejumaa.

Nilikwenda alasiri. Alikuwa amestaafu, kaptura imekuwa kikoi, miwani imefungwa uzi. Mabango ya kampeni yalikuwa mapajani mwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mwalimu, nitamfunza msichana wako. Lakini kwanza niambie. Siku ile ulinisikia?"

Hakuuliza siku ipi. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaivaa tena.

"Nilikusikia."

"Ukasema nimenyamaza."

"Mwanangu," akasema, na alisema taratibu, kwa sauti ile ile iliyomwinamisha baba yangu, "elewa. Nilisikia maneno ya mchezo. Neno kwa neno. Nikajua unaigiza. Msichana mwenye haya, anaulizwa, hana la kusema, ameshika la Mejumaa. Nilidhani si wewe unayesema. Nilidhani ni mimi."

Yale maneno yalikuwa yangu. Yeye aliyaandika, nami nilimwona akiyaandika, akikata ya kwake. Nilikuwa na ya kumwambia ya miaka kumi na zaidi, lakini mlango ulifunguka, na mkewe akatoka na sinia la kahawa. Nywele zake zilikuwa nyeupe chini ya mtandio. Nilikuwa sijapata kumwona mzima.

"Mnazungumza nini?" akauliza.

"Tunakumbuka mchezo tu," akasema Mwalimu.

Alilisema hivyo hivyo, bila kusita, akinyoosha mkono achukue kikombe. Nikasimama.

"Si mchezo, mama. Tunazungumza harusi yangu. Mimi nilikataa, na mumeo alinisikia, akasema nimenyamaza. Sasa anasema alidhani naigiza."

Yule mama aliliweka sinia chini. Alimtazama mumewe, na Mwalimu akatazama karatasi zake.

"Hakudhani," akasema. "Alipita hapa kuchukua kofia yake ya kwendea msikitini, akaniambia mtoto wa watu amekataa, amekataa kabisa. Nikamwambia rudi ukamwambie sheikh, adhuhuri bado haijaadhiniwa."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema, basi tena. Watu wameshaalikwa, na pilau imeshaiva."